Koleo Tupu la Fundi Hoza

Jumatatu, 16 Juni

Nimechelewa tena. Ukungu ulikuwa mzito, na dereva wa bodaboda hakutaka kuteremka kutoka Vuga mpaka aione barabara. Nilipofika Soni wenzangu walishawasha moto. Nikamwamkia Fundi Hoza, akaitikia bila kugeuka. Nikafunga aproni, nikashika mvukuto.

Leo tulikuwa tunafua springi ya gari iwe bapa. Mwanzo wa panga. Zamu yangu ilipofika nikaweka chuma motoni, nikasubiri neno lake. Ndivyo anavyofundisha: mpaka aseme toa, hutoi. Chuma kikawa chekundu, kikawa rangi ya chungwa, kikawa njano. Kimya. Nikauliza. Akasema bado. Kikaanza kurusha cheche nyeupe, na nilipokitoa ncha ilikuwa imeliwa, inamong'onyoka kama mkate mkavu. Chuma kimeungua. Akanigombeza mbele ya wote kwamba mimi sitazami moto.

Labda kweli sikutazama. Sijui.

Nina malengelenge kiganjani. Mama ameyaona, akaendelea na chai yake. Tangu mwanzo hakutaka niiache cherehani niende kupiga nyundo na wanaume.

Jumatano, 18 Juni

Sikulala vizuri. Niliogopa nitaunguza tena. Leo hakuniita. Alimwita Ramadhani, yule mwenye mabega mapana kuliko sisi sote darasani. Ramadhani naye akaambiwa bado, bado, mpaka cheche zikaruka. Naye akagombezwa. Akacheka tu, akachukua kipande kingine.

Mimi sikucheka. Nilikiona kile chuma. Kilikuwa tayari zamani.

Baadaye fundi akanyoosha mkono ukutani achukue koleo. Mtu alikuwa amelitundika msumari wa pili badala ya wa kwanza. Lilikuwa pale pale, mbele ya uso wake. Akapapasa ukuta, akapapasa, halafu akapaza sauti kwamba atakayehamisha vyombo vyake arudi kwao. Nikalichukua nikampa. Hakuuliza lilikuwa wapi.

Miaka yangu yote ya ushonaji nimekuwa nikilinganisha uzi na kitambaa. Njano naijua. Nyekundu naijua. Kwa hiyo ama mimi nimeanza kuchanganyikiwa, ama fundi haoni.

Zamani niliogopa moto. Sasa namwogopa anayeushika.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemchunguza siku nzima kama mwizi. Anageuza kichwa upande anapotazama kitu. Anakaa mgongo kwa mlango, mwanga usimpige. Mkewe, Mama Anjela, alipoleta chai hakuweka kikombe mezani. Alimwekea mkononi, mkono wa kikombe ukiwa umeshageuzwa upande wa vidole vyake. Huyu mama anajua.

Nilimwita Ramadhani kando nikamwambia. Akasema mzee ana macho ya kizee, nani asiyejua, niache. Huku kwetu watu wote wanapeleka majembe na mundu kwake. Akifunga banda nani atatufundisha? Akaniambia nisimwaibishe mtu wa watu.

Nimenyamaza. Nataka kuujua ufundi huu. Nataka siku moja watu walete mundu kwangu. Kwa hiyo nimenyamaza.

Jumapili, 22 Juni

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa natazama mikono ya watu. Kila mmoja ana vidole vyake.

Kesho tunaanza nyundo kubwa.

Jumatatu, 23 Juni

Sijanawa masizi. Naandika hivyo hivyo.

Fundi anashika chuma kwa koleo juu ya fuawe, mwanafunzi anapiga kwa nyundo kubwa. Fuawe letu ni kipande cha reli, chembamba, halisamehe. Ramadhani ndiye aliyepiga. Mimi nilisimama upande wa pili nikisubiri zamu. Nikaona fundi ameweka chuma ukingoni, nusu iko hewani. Nyundo ilishapaa. Nilifungua mdomo, nikachelewa.

Kipande kikachomoka. Kilipita shingoni kwangu. Nilisikia joto lake kabla sijajua ni nini. Kikatua nyuma yangu kwenye gunia tupu, likaanza kufuka moshi. Skafu yangu imetoboka.

Hakuna aliyesogea. Fundi akasema, "Piga tena."

Alikuwa ameshika koleo tupu. Analitazama moja kwa moja, amelituliza vizuri juu ya fuawe, anasubiri nyundo. Nikasema. Sikupanga kusema.

"Fundi, hapo hakuna chuma. Fundi, huoni."

Hata aliyekuwa kwenye mvukuto aliacha. Fundi akalaza koleo chini taratibu, akagusa ukuta, akatuambia twende nyumbani. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. Nilitembea mpaka barabarani bila kuvua aproni.

Jumanne, 24 Juni

Banda limefungwa. Nimesikia sokoni. Watu wamekuta mlango umefungwa kwa mnyororo, na majembe yao yamo ndani.

Ramadhani alinipita na pikipiki yake. Aliniona. Hakunisalimu.

Najichukia. Halafu nagusa shingo, naacha kujichukia. Halafu naanza tena.

Alhamisi, 26 Juni

Nimemwambia mama yote. Alichukua ile skafu, akapitisha kidole kwenye tundu, akakaa nacho hapo muda mrefu. Nilidhani atasema rudi kwenye cherehani yako. Hakusema. Aliniuliza nilisema mbele ya nani. Nikamtajia. Akasikitika, akasema mzee kama yule haambiwi neno kama lile akiwa amezungukwa na vijana. Jumamosi tutakwenda. Yeye ndiye atakayesema kwanza.

Sitaki kwenda. Nitakwenda.

Jumamosi, 28 Juni

Tumekwenda. Mama amevaa kitenge chake cha kanisani. Tulichukua sukari na majani ya chai. Mama Anjela alitupokea, wakaamkiana na mama kwa Kishambaa kirefu, wakaulizana habari za watoto, za mashamba, za baridi, mpaka nikataka kulia. Fundi alikuwa chumbani. Tulimsikia akikohoa. Hakutoka.

Mama akasema tumeleta mtoto aliyekosa adabu. Alisema kwa sauti ya kufika chumbani. Hapo ndipo alipotoka, mkono kwenye fremu ya mlango. Nikapiga goti, nikatoa shikamoo. Akaitikia. Akakaa.

"Ulichosema ni kweli," akasema. "Pale uliposemea ndipo pabaya."

Nikaomba radhi. Akaniuliza kama chuma kilinigusa. Nikasema kiligusa skafu tu. Akaziba uso kwa viganja vyote viwili, na Mama Anjela akainuka akaenda jikoni.

Kisha akaeleza. Marehemu baba yake alikuwa mhunzi, na macho yake yalizimika hivyo hivyo, kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta. Alikaa kwenye kiti mlangoni mpaka akafa, watoto wakimwongoza chooni. Fundi alipoanza kuona ukungu hata siku za jua alijua ni zamu yake. Hakwenda kupima. Alisema aende kuuliza nini, na jibu analijua.

Mama akamwambia dada yake alikuwa na mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji, sasa anachambua mchele mwenyewe. Fundi akasema macho ya wahunzi si kama ya dada za watu. Tukanywa chai.

Njiani mama akasema yule mzee hana kiburi, ana woga. Mimi pia nilikuwa nimeshaona hivyo. Woga wa mtu nautambua kwa mbali siku hizi.

Jumatano, 2 Julai

Mama Anjela amepiga simu. Fundi amekubali kwenda hospitali. Kwa sharti moja: niende naye.

Kwa nini mimi? Kama jibu ni baya atataka niwepo nilisikie, niliyeanzisha haya? Sijala.

Ijumaa, 4 Julai

Foleni ndefu. Fundi alikaa kati yangu na Mama Anjela, kofia magotini. Walimtia dawa machoni, wakamwangalia kwa mashine, wakamwangalia tena. Daktari ni mwanamke kijana, mpole. Alimwita baba.

Jicho la kushoto limekwenda. Presha ya macho imekula mshipa, haurudi. Kama angekuja mapema, akaanza daktari, halafu akaiacha sentensi. Jicho la kulia ni mtoto wa jicho, amekomaa, na wanaweza kujaribu kumtoa. Akasema joto la tanuri la miaka mingi linaweza kuwa limechangia, kwa hiyo hata akipona asikaribie moto bila miwani maalumu.

Fundi aliuliza kitu kimoja tu. Kama rangi zitarudi. Daktari akasema anatumaini.

Anatumaini. Nimelirudia neno hilo njia nzima, kuanzia Mombo, kona zote za mlima. Sijui lina uzito gani mdomoni mwa daktari.

Jumatatu, 7 Julai

Nimekaa kwenye cherehani. Sare za shule. Nimeshona mkono mmoja nje ndani, nikaufumua.

Ramadhani alikuja mpaka mlangoni. Alisimama kama mtu aliyepotea. Akasema yeye ndiye aliyekuwa na nyundo, na kila akifunga macho anakiona kile kipande kinaruka kuelekea kwangu. Kumbe naye halali. Akauliza fundi anapasuliwa lini. Nikamwambia. Atatupeleka stendi.

Jumatano, 9 Julai

Imefanyika leo. Haikuchukua muda mrefu, sisi nje ndio tulioona ni siku nzima. Mama Anjela alinishika mkono, akasahau kuuachia. Fundi alitoka ameongozwa, jicho limefungwa bandeji, hatua fupi fupi. Ndiyo picha aliyoiogopa maisha yake yote, na mimi ndiye niliyemleta. Nikageuka ukutani.

Bandeji inatolewa kesho. Tumelala kwa ndugu wa Mama Anjela. Wao wamelala. Mimi naandika.

Kama hataona nitamwambia nini?

Alhamisi, 10 Julai

Nesi alifungua polepole, akasafisha, akamwambia afumbue. Fundi akafumbua. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Akamtazama Mama Anjela, akamtazama sana. Akageuka akanitazama mimi. Akakunja uso.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Nikajua imeshindikana. Nikasema, "Ni mimi, fundi. Ni Veronika."

Akashtuka. Halafu akaanza kucheka, nesi akamkataza asitikise kichwa. Aliniambia ananijua kwa sauti na kwa namna ninavyovukuta mvukuto. Uso wangu hakuwahi kuuona. Tangu siku ya kwanza ya darasa.

Nilitoka nje nikalia kwenye ukumbi, watu wakadhani nimefiwa.

Jumatatu, 28 Julai

Baridi, lakini jua limetoka mapema. Nilifika Soni kabla ya wengine nikakuta mnyororo umefunguliwa. Fundi alikuwa ndani amevaa miwani yake myeusi, kaisukuma juu ya paji la uso. Alikuwa amesimama katikati ya banda, anatazama kuta.

Nilimwamkia. Akaniuliza kama masizi yote haya yalikuwepo siku zote. Nikasema yalikuwepo. Na utando wa buibui? Nao. Akatikisa kichwa, akasema kumbe alikuwa anapokea watu kwenye pango.

Akanipa fagio. Yeye akachukua kitambaa na maji. Chini ya meza tukakuta patasi mbili na nyundo ndogo aliyomsingizia shemeji yake kuiiba. Jicho moja linamsumbua kupima umbali. Anaponyoosha mkono anapita kidogo, kisha anarudi. Hakuficha. Nami sikujifanya sioni.

Ramadhani na wenzetu wakaja, naye akawagawia kazi. Amesema kuanzia juma hili kila mtu atasema mwenyewe chuma chake kikiwa tayari, kwa sauti, na akikosea atakosea yeye.

Mchana tukafungua mlango mpana, vumbi likatoka likaelea juani. Mama Anjela akaleta viazi na chai, akaweka kikombe mezani. Fundi akakiangalia, akakichukua.

Leo hatukuwasha moto.