Hitima ya Baba kwa Fungu la Yatima

Bi Mshauri, shikamoo. Nnakuandikia moyo haujatulia, nakuomba unishike mkono.

Baba alipofariki kadhi aliniteua mimi, mwanawe mkubwa, niwe msimamizi wa mirathi, na warithi ni mimi, ndugu yangu Turki, mjane wa baba Bi Mwanamkasi, na mdogo wetu Wafaa aliyezaliwa na mjane huyo, bado mtoto, na katika mali kuna nyumba ya Kiembe Samaki wanayokaa wao wawili na duka la Darajani ambalo kodi yake napokea mimi. Sasa kila mwaka nikimsomea baba hitima kubwa, mbuzi, pilau, watu wanatoka hadi Jang'ombe, na gharama nikizitoa kwenye kodi ile ile kwa kuwa niliona mali ni yake basi imfae kaburini, na wote wakila wakiniombea dua. Leo kadhi anataka hesabu ya nilichopokea na nilivyokitumia, na ami yangu Shamsi ananiambia niandike kuwa pesa zilitengeneza paa la nyumba, anaye fundi wa kutia sahihi, nami nalijua paa lile linavuja mpaka Bi Mwanamkasi anatega mabeseni. Juzi kaniuliza kwa upole, "Asila mwanangu, kidogo cha viatu vya skuli vya Wafaa hakijapatikana?" Nikamwambia kodi haijalipwa, na ilikuwa imelipwa. Nifanye nini?

Asila, Mjini

Marahaba, mwanangu. Najua unaumia, na sikuoni mwizi. Ulimpenda baba yako, lakini ulimpenda kwa mali ya watu.

Maiti akishazikwa, madeni yake yakalipwa na wasia wake ukatekelezwa, kilichobaki ni cha warithi. Hitima ni sadaka, na sadaka mtu huitoa mfukoni mwake. Turki na Bi Mwanamkasi ni watu wazima, wakitaka watakusamehe mafungu yao. Wafaa hana uwezo huo, na mali ya yatima ni moto tumboni. Wewe ndiye uliyeipakua ukawagaia wageni.

Ami yako mwambie ahsante, basi. Kadhi akimtuma mtu kutazama hilo paa utasema nini? Hesabu haitakiwi kwa kuwa unashukiwa, inatakiwa kwa kuwa umeshikishwa kisicho chako.

Kabla ya mahakamani, nenda kwa Bi Mwanamkasi, umwambie na ule uongo wa kodi. Akikufungia mlango, rudi kesho. Kisha katika hesabu iandike hitima kwa jina lake, hitima, na umuombe kadhi fungu la mtoto ulilipe kidogo kidogo kutoka fungu lako. Mwaka huu msomee baba Yasini na kahawa ya pesa yako, inatosha.

Viatu vya mtoto nunua leo, hivyo havingoji kadhi. Wafaa atakua na atakuuliza, mwanangu, na siku hiyo akukute umeshamlipa.