Mgeni Aliyetafuta Kaburi Langu

Terry,

Njaa ikikutoa huko kwa kina Milka ulikojificha, ugali uko kwa sufuria. Kuku wafungiwe mapema.

Yule Wesley wako wa intaneti, ati wa London, alifika asubuhi kutoka Ndhiwa tu, amevaa sare ya shule. Alibeba sukari na mkate. Akadhani mimi ni mfanyakazi, akaniuliza kaburi la mama Terry liko upande gani wa boma, atoe pole. Nilimpa chai kwanza. Sasa namrudisha kwao.

Mshukuru Mungu kwamba ni mtoto tu. Angekuwa mzee mwenye gari, njia ya kwetu si ulishamwandikia?

Ile dawa ya kuku uliyosoma kwa kompyuta za Kisumu iliwaponya, sikatai. Nilikusifu mpaka kanisani, mjinga mimi. Kumbe ukimaliza mambo ya kuku unakaa hapo hapo unanizika, ndio mvulana mwongo kama wewe akuonee huruma.

~~Mkate usiguse.~~ Mkate kula. Ni wa matanga yangu.

Marehemu mama yako