Nilimwambia Aombe Radhi

Sufyan, nimemponza Mutaz. Mimi, kwa mdomo wangu!

Ile bunduki ya kambini ilipotea zamu yake ya ulinzi imeshakwisha, hana kosa hata chembe. Wakili alishamwambia akifika kwa kanali anyamaze, ni haki yake.

Mimi nikajitia kujua: "Achana na wakili. Kanali ni kama baba, mwombe radhi tu, yataishia kwenye kahawa."

Kaingia, mimi niko mlangoni. "Nisamehe, afande."

Nisamehe, afande! Basi. Kanali akatabasamu: "Karani, andika amekiri. Apelekwe mahakama ya kijeshi."

Anatolewa na pingu mikononi, kanigusa bega.

"Asante, kaka. Umeona alivyotabasamu? Kanisamehe."

Sufyan, nikamwitikia: "Ndiyo."