Chaguo la Kwanza la Mama

Kilangala, Lindi
4 Februari 2024

Mwanangu Benedicto,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu zangu, uwagawie mkeo Magdalena na mjukuu wangu Tomaso. Mimi mzima, goti tu linalalamika nikipanda kwenda shambani. Mdogo wako Bertha hajambo, anakula kama kawaida yake.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikata maneno. Tangu uwe mshauri wa wanafunzi huko chuoni kwenu Dodoma, umezoea kujibu kabla mtu hajamaliza. Karatasi itabidi uisome mpaka chini.

Sasa keti. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, zile siku nilizosema nakwenda Lindi mjini kumuuguza rafiki yangu Debora, Debora alikuwa mzima wa afya anakaanga maandazi. Nilikuwa nafanya mtihani wa kidato cha nne, hesabu peke yake, mtahiniwa wa kujitegemea. Matokeo yametoka. Nimepata C! Ile F ya mwaka 1994 nimeizika rasmi, na sikuiwekea hata maua.

Masomo mengine nilifaulu wakati ule, kwa hiyo vyeti vyangu sasa vinanifikisha chuo. Nataka kusomea upimaji ardhi. Unamkumbuka Iddi, yule mpima aliyekuja kupima mashamba ya kijiji? Niliipikia timu yake miezi mitatu. Mtu wake wa kushika fimbo ya kupimia alipolazwa na malaria, Iddi alinipa fimbo mimi. Nilishika wiki mbili. Mzee Valentini na jirani yake walikuwa wanagombea mpaka wa mashamba yao tangu mimi sijaolewa. Iddi akasoma namba zake, wakachimbia bikoni ya zege kuwa alama ya mpaka, wazee wakapeana mikono palepale. Beni, nilitoka pale moyo unanidunda. Napika tangu nina miaka saba na sijawahi kudundwa moyo na wali.

Wewe ndiyo kazi yako. Niambie nianzie wapi.

Mama yako,
Romana


Dodoma
19 Februari 2024

Mama mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Barua nimeipokea kwa konda wa basi, soda yake amekunywa. Sisi wazima. Tomaso anasema bibi amefaulu, anamtangazia kila anayepita.

Hongera sana, mama. Nilipofika kwenye habari za Debora nilicheka mpaka Magdalena akaja kuangalia kuna nini. Nilipofika kwenye upimaji sikucheka tena.

Mimi naiona hii kazi kila siku. Upimaji ni jua, vichaka, nyoka, kulala kwenye mahema. Darasani utakaa na watoto wa miaka kumi na tisa, na hesabu zake si zile za kidato cha nne. Una miaka arobaini na nane. Kwa nini usifikirie Maendeleo ya Jamii? Chuo kipo Mtwara, karibu na nyumbani. Wewe ni mtu wa watu, vikundi vya akina mama vyote unaviongoza wewe. Ungeng'ara.

Ila sitaki uone nakupangia. Nakutumia fomu ya maswali kumi ninayowapa wanafunzi wangu wote kabla hawajachagua kozi. Jibu kwa uhuru kabisa, halafu tutazungumza.

Mwanao,
Benedicto


Kilangala
7 Aprili 2024

Beni baba,

Habari za Kwaresima iliyopita? Sisi tumefunga na tumefungulia salama. Mvua imetunyeshea vizuri, mihogo inacheka.

Fomu yako nimeijaza wakati nachambua mboga, ndiyo maana ina doa la mlenda. Mengine utasoma mwenyewe, haya nakuandikia hapa usije ukajifanya hukuyaona.

Swali la pili, "Ni kazi gani ungeifanya hata bila malipo?" Nimejibu: kushika ile fimbo. Na niliifanya bila malipo, Iddi alinilipa ya upishi tu.

Swali la tano, "Unapenda kufanya kazi na watu au na vitu?" Watu nimefanya nao kazi miaka thelathini. Nimewazika, nimewaozesha, nimewaamulia ugomvi na kesho yake wakaanza upya. Nataka kitu ambacho nikisema kiko hapa, kinabaki hapa.

Swali la saba, "Unajiona wapi baada ya miaka kumi?" Najiona nimekaa kiti cha mbele cha ile gari ya wapima, siyo nyuma na masufuria.

Swali la kumi, "Nani anakushauri kuhusu chaguo lako, na anataka nini?" Hapo nimeandika jina lako. Sehemu ya pili nimekuachia ujaze wewe.

Mtoto wa mwenzio akija ofisini kwako unamuuliza anataka nini. Mimi niliyekubeba unaniambia unachotaka wewe. Ala!

Haya, nimemaliza kusema. Bertha anasema maombi yanajazwa kwenye kompyuta na machaguo ni matatu. Namba yangu ya mtihani na picha za vyeti amekutumia kwenye simu. Chaguo la kwanza weka upimaji, chuo cha ardhi cha Morogoro. La pili na la tatu weka upimaji popote patakaponichukua. Nakuamini kwa hilo, wewe ndiye mtaalamu wa familia.

Mama yako


Dodoma
16 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri na ufuta umeshaingia ndani. Huku baridi imeanza, Tomaso analala na soksi.

Dirisha limefunguliwa na maombi yako nimeshayatuma. Nimejaza kila kitu mwenyewe, wala usihangaike. Majibu yatakuja kwa ujumbe wa simu mwezi wa nane. Subiri kwa amani.

Mwanao,
Benedicto


Dodoma
25 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo na hongera! Bertha amenitumia ule ujumbe: umechaguliwa Astashahada ya Maendeleo ya Jamii, Mtwara. Najua siyo ulichokitamani, ila nafasi ni nafasi, na wengi wamekosa kabisa. Kinachotakiwa ni kuthibitisha kabla ya tarehe sita mwezi ujao. Niambie nikuthibitishie.

Magdalena ameshakununulia begi.

Mwanao,
Benedicto


Dodoma
22 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Hupokei simu. Bertha anapokea, anasema upo salama, halafu anakata. Tarehe ya kuthibitisha imepita. Nafasi ya Mtwara imekwenda, na sijui kama unajua.

Kama unaumwa niambie nije. Kama umekasirika niambie pia.

Benedicto


Morogoro
27 Oktoba 2024

Benedicto,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima. Usimkasirikie Bertha, mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Ule ujumbe ulipokuja nilijua nafasi za upimaji zimejaa. Nililia kidogo, nikajifuta, nikaenda Lindi kumshukuru Iddi kwa yote. Iddi akashangaa, akasema mbona chuo bado kinatangaza nafasi. Akanipeleka kwa Warda, dada mwenye duka la kuchapisha karibu na stendi. Warda akaomba nywila. Nikasema sijui, kajaza mwanangu. Tukajaribu jina lako, ikagoma. Tukaongeza mwaka wako wa kuzaliwa, ikafunguka. Wewe na akili zako zote!

Nikasoma kwa macho yangu mawili. Chaguo la kwanza, Maendeleo ya Jamii. La pili, Maendeleo ya Jamii, chuo kingine. La tatu, Ukutubi.

Upimaji haumo hata kwa bahati mbaya. Na ukutubi, Benedicto? Ukutubi! Mimi nikae maktaba niwaambie watu wanyamaze?

Warda aliona sura yangu, akanivutia kiti. Nikakaa, nikayasoma tena yote matatu. Nimekulea peke yangu tangu baba yako afariki. Umenidanganya mara nyingi, watoto wote hudanganya, ila sijawahi kuuona uongo wako umeandikwa kwa jina langu na picha yangu juu yake. Uliniuma. Nakwambia wazi kwamba uliniuma sana.

Halafu Warda akasema, "Mama, dirisha la pili linafunguliwa wiki hii. Tunajaza au hatujazi?" Tukajaza. Kwanza upimaji Morogoro, pili upimaji, tatu upimaji. Wamenichukua. Niliuza mbuzi wawili na gunia tatu za ufuta, nikashusha mabegi hapa tarehe kumi na nne. Nalala bwenini na binti anaitwa Umi, wa miaka kumi na tisa, anakoroma kuliko baba yako.

Hukuniona natosha. Ungenitazama usoni ukasema hivyo, tungegombana, yangekwisha. Sasa sijui yataishaje.

Romana


Dodoma
10 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Sina haki ya kukuuliza habari, lakini nauliza: u hali gani?

Sina cha kujitetea. Nilijaza upimaji kwanza, Mungu ni shahidi, nikakaa mbele ya ile skrini kama saa nzima, halafu nikafuta. Miaka mitano napokea ofisini watu wazima waliorudi shule. Yupo baba mmoja wa makamo alifeli hesabu, akafunga mlango wangu, akalia mpaka shati likalowa. Alipotoka hakurudi tena chuoni. Nilipofikiri ni wewe umekaa kile kiti, mikono ikafanya kazi kabla ya akili. Niliogopa utashindwa, watu wa Kilangala watakucheka, na mimi sitaweza kukusaidia.

Nimejaza ile sehemu uliyoniachia, mama. Mshauri anataka nini? Anataka asimwone mama yake analia. Ndiyo hivyo tu. Kwa ajili yangu mwenyewe, siyo kwa ajili yako.

Nisamehe. Ada ya muhula ujao naomba nilipe mimi. Ukikataa nitaelewa.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Benedicto


Morogoro
16 Machi 2025

Beni,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechelewa kukujibu, mwanzoni kwa hasira na baadaye kwa mitihani. Hasira iliisha karibu na Krismasi, sikukwambia kwa sababu nilikuwa bado naipenda. Ada nililipa mwenyewe, asante kwa kuuliza kwanza.

Matokeo ya muhula yametoka. Masomo sita nimefaulu. Uchoraji wa ramani nimekuwa wa tatu darasani, na kwenye mazoezi ya nje wanagombania kuwa kwenye kundi langu kwa sababu mimi sipotezi bikoni. Umi na wenzake wananiita Mama Mpima, hata mwalimu ameshaanza.

Hesabu za vipimo nimefeli. Thelathini na nane kwa mia.

Ndiyo, soma tena. Ulichokiogopa kimetokea. Nilisimama mbele ya ubao wa matangazo nikatafuta namba yangu mara tatu, labda macho. Nikaenda nyuma ya bweni nikalia, na nililia vizuri, siyo kwa adabu. Umi akaja akakaa kando yangu, akanisubiri. Nilipomaliza nikanawa uso tukaenda kula. Maharage yalikuwa na chumvi nyingi kama siku zote.

Nakwambia hivi ili ujue: sijafa, wala sijaaibika. Nimefeli hesabu za vipimo, mimi Romana, kwenye kozi niliyoichagua. Ningefaulu ukutubi wako kwa asilimia mia nisingelala usingizi. Juzi nimelala kama gogo. Mtihani wa marudio, watoto hapa wanauita sapu, ni tarehe nane mwezi wa tano. Nasoma na Umi kila jioni, yeye ananielekeza mahesabu na mimi namfundisha kusuka nywele zake mwenyewe. Nitaupita. Na nisipoupita, nitaurudia mwakani, watanizoea.

Nimekusamehe. Nilishakusamehe zamani, ila nilitaka kwanza nifeli peke yangu, nione inakuwaje.

Sasa nina ombi. Najua ukisoma hii mikono itaanza kukuwasha. Utatafuta mwalimu wa ziada, utanitumia vitabu, utampigia mkuu wa chuo. Usifanye hata kimoja. Usinishauri. Niandikie salamu, basi, kama watu wanavyoandikiana. Nimezikosa salamu zako.

Mama yako


Dodoma
30 Machi 2025

Mama yangu,

Milele amina. Shikamoo.

U hali gani? Goti linasemaje? Usingizi unapata? Chakula je, wamepunguza chumvi?

Sisi huku wazima wote. Magdalena anakusalimu sana. Tomaso ameng'oka jino la mbele, anamwonyesha kila mtu pengo, hata padri. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo na mahindi ya uani yamesimama. Bertha alipiga simu jana, ufuta umeota vizuri na yeye anaendelea kula. Msalimie Umi, mwambie namshukuru.

Nilikuwa nimeandika na ukurasa wa pili, mbele na nyuma. Nimeuchana.

Ni mimi mwanao, anayekusalimu,
Benedicto