Kibuyu cha Udongo cha Mama Kibii

Jackie, wacha kila kitu usome hii. Bado niko na udongo kwa nywele.

Unajua ile class ya kufinyanga vyungu Kibii alinilipia hapa Nakuru? Nimekalishwa kando ya mathe mmoja mpole sana. Akaniuliza natengeneza nini. Nikamwambia ni kibuyu ya mursik, yale maziwa lala ya Wakalenjin, zawadi ya mamake boyfriend yangu. Sijawahi kumwona, lakini naskia ni mkali kama simba.

MKALI KAMA SIMBA, Jackie! Kwa mdomo yangu mwenyewe!

Mathe akacheka mpaka chungu chake kikaporomoka. "Mursik haiwekwi kwa udongo, mami. Na huyo mama amekula nani?"

Nikajibu, "Mimi ndiye bado."

Mara Kibii huyo mlangoni, meno yote nje. "Mum, mmeshajuana na girlfriend yangu Wangu?"

Kumbe alitulipia sisi wawili! Nilitaka kuingia chini ya meza.

Mathe akapanguza mikono, akaangalia kakibuyu kangu kamepinda. "Hii ikichomwa nitaitumia kuweka chumvi. Jumamosi kuja kwangu Keringet nikufunze kutengeneza kibuyu ya maziwa."

Alafu akanishika bega. "Na usiogope. Simba atakuwa ameshakula."