Wiki ya Nyigu, Siafu na Wageni

Jumatatu, 17 Machi 2025

Form Three wamenifurahisha leo! Niliwaambia walete wadudu, wakaleta kwenye makopo ya majani chai: nyuki, nyigu, siafu, mchwa wenye mabawa. Nikauliza nani kati yao si wa ukoo mmoja na wenzake. Karibu wote wakamtoa siafu — eti hana mabawa. Kosa! Anayetoka ni mchwa, jamaa wa mende. Hawa watatu wanaobaki wana kiuno cha aina moja, chembamba kama uzi. Nyuki ni nyigu aliyeacha nyama akahamia maua. Siafu ni nyigu aliyeshuka chini. Kagure wa dawati la mbele akauliza kama siafu mwenyewe anajua hivyo. Tukacheka tu.

Jioni Njue, mchumba wangu, akapiga simu kutoka Makutano, kwenye karakana yake ya mizinga ya nyuki. Watu wake wa Mbeere wanakuja kujitambulisha kwetu Jumamosi, kabla ya posa. Jumamosi hii! Miaka thelathini na nane ninayo, na moyo unaruka kama wa msichana.

Jumanne, 18 Machi

Nyigu wa udongo anajenga juu ya dirisha la jikoni. Ameleta buibui. Hajamuua, amemlemaza tu kwa mwiba, ili mtoto akianguliwa akute chakula kibichi. Na ni jike peke yake — dume hajulikani aliko. Kama Mama, apumzike salama.

Babu Muthamia, baba yake Mama, aliyenilea Mama alipokufa, anasema niubandue huo udongo, wageni watauona. Sijaubandua.

Alhamisi, 20 Machi

Siafu! Mvua ya jana imewatoa ardhini. Asubuhi walikuwa mstari mweusi kutoka mlangoni hadi kabatini. Babu akafungulia kuku, tukatoa viti, tukanywa uji wetu uani tukingoja wapite. Niliporudi kutoka shule hakukuwa na siafu, wala mende hata mmoja. Usafi wa bure!

Darasani: dume la nyuki. Malkia akitaga yai ambalo halijarutubishwa, linatoka dume. Kwa hivyo hana baba. Lakini babu anaye, upande wa mama. Darasa hoi! Kagure tena: "Madam, sasa akiulizwa jina la baba atasema nini?"

Nikamwambia mzingani hakuna anayeuliza.

Ijumaa, 21 Machi

Mjomba Mutembei, kakake Mama, amekuja na mpango. Kesho yeye akae kiti cha baba, na wageni waambiwe baba yangu alikufa. Hakufa. Hakuwahi kuja kwetu tu. Mjomba anasema wakijua sina baba watatudharau, na tayari wanatuona sisi watu wa mlimani kuwa tunajidai. Babu aliendelea kunyoa ndevu zake.

Nikampigia Njue. Yeye anajua, nilimwambia zamani. Akasema kwao mengine yote yanazungumzika, ila uongo wakiugundua hawarudi. "Lakini uamuzi ni wako," akasema. "Mimi nitakuja tu."

Bado sijaamua. Lakini nimepika maharagwe ya kupondwa pamoja na viazi kwa mukimo wa kesho, huku nikiimba. Ajabu.

Jumamosi, 22 Machi

Wamefika! Wazee, akina mama, vitenge, mtungi wa asali unaobebwa kama mtoto mchanga. Naandikia hapa jikoni, mlango umerudishwa. Chakula tayari. Kivuti, baba mdogo wa Njue, amebishana na Babu kama asali tamu ni ya kwao au ya kwetu. Wameonja mara mbili, mshindi hajapatikana. Kicheko kikubwa!

Sasa wametulia. Kivuti anaongea polepole. Wamefurahi, wameshiba macho, na kabla ya kushiba tumbo wangependa kumjua baba wa binti.

Mjomba amekohoa.

"Baba yake..." ameanza — na Babu amemkatiza kwa Kimeru, kwa sauti ya chini. Kiti kinaburutwa sakafuni.

"Kananu!" Ni Babu. "Njoo ukae hapa karibu na mimi. Waambie ukweli mwenyewe, mama. Mimi nipo."

Navua aproni. Njue amefungua mlango wa jikoni, ameushikilia, ananitazama. Nyuma yake nyuso zote zimegeukia huku, na Kivuti anasogeza mguu wake ili nipite —