Ukurasa wa Mkutano wa Februari

Tarlow, Ohio
Aprili 9

Kwako dada yangu Verna,

Nakusalimu wewe na shemeji Clyde kwa mapenzi ya damu moja. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Arizona, na kwamba goti lako limekubali dawa mpya. Ukiniuliza habari za mwili wangu, nitakwambia ni nzuri. Ukiniuliza za moyo, sina jibu la adabu, kwa hiyo nivumilie. Theluji imeyeyuka na uani kwangu ni matope matupu.

Mama nilimwona Jumapili. Siku hizi ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na nikifika huwa nimechelewa chakula chake cha mchana. Si kwamba anakula. Muuguzi anasema anageuzia uso ukutani kijiko kikimkaribia. Amekonda mpaka pete ya baba wameivua na kuifungia kwenye bahasha. Anamwita Olga Bartko. Wewe unajua walivyokuwa, vyumba viwili vilivyopakana miaka minane, wakigongeana ukuta kila asubuhi ili kila mmoja ajue mwenzake ameamka. Nilimweleza kwamba Olga amepelekwa upande mwingine wa jimbo baada ya nyumba ya wazee ya kaunti kuuzwa na sehemu yao ya jengo kufungwa. Akanitazama kama mtu anayemtazama mpumbavu, akasema, "Basi gonga, Emery, atakujibu." Nikagonga, dada. Ningefanya nini?

Katika barua yako umeniandikia kwamba mimi peke yangu ndiye niliyesimama kidete kuitetea nyumba ile, na kwamba lawama ni ya wenzangu wa klabu. Umeuliza imekuwaje Wademokrati wa Kata ya Tano, watu ambao mama zao waliogeshwa na Nadine Kobasko, mhudumu wa nyumba ile, wampe mgongo na kumwidhinisha Randall Voss agombee ukamishna wa kaunti. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma najisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo nitakueleza mkutano ule wa Machi mwaka jana ulivyokwenda, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Ukumbi wa chama cha wafanyakazi ulijaa. Kabla ya wagombea tulikuwa na mgeni msemaji, bwana mmoja wa idara ya maji, aliyepewa dakika kumi aeleze habari za mifereji ya mvua. Alizungumza dakika arobaini, tena na picha. Mwenyekiti wetu, Bi Hattie Simms, yule aliyekufundisha hesabu, alikohoa, akagonga meza, mwishowe akamwambia, "Bwana mpendwa, mvua yenyewe hapa Tarlow haijawahi kunyesha muda mrefu hivi." Watu wakacheka, lakini baadhi walikwisha kuvaa makoti na kwenda zao. Hao sikuwatoa katika hesabu yangu ya kura, na hilo lilikuja kunigharimu.

Kisha akasimama Voss, muuza bima, anayejua jina la kila mtu na la mbwa wake. Alisema nyumba ya wazee ni mzigo kwa kaunti, kwamba kampuni ingeiendesha vizuri zaidi, na kwamba hakuna mzee hata mmoja atakayehamishwa. Aliapa kwa kaburi la baba yake. Baada yake akaja Nadine, akisoma kwenye karatasi aliyoikunja mara nne. Alizungumza vibaya mpaka nikamwonea huruma. Halafu akaiweka karatasi chini, akasema yeye amewaogesha mama zetu miaka ishirini na mbili, anajua nani kati yao anaogopa giza na nani halali bila kushikwa mkono, na kwamba Voss hajui. Nikajisemea moyoni, huyu amepita, tena kwa kura kumi.

Sasa unajua sheria yetu. Hapigi kura ya kumwidhinisha mgombea ila mwanachama aliyehudhuria mikutano mitatu ndani ya mwaka kabla ya ule wa kura, na mwenye daftari la mahudhurio ni mimi, katibu, mwaka wa kumi na tisa. Nilikaa mezani nagawa karatasi za kura kwa kufuata daftari. Wakaja Gus Petrakis na mkewe Lorna. Wote wawili walivaa beji ya Nadine kubwa kama kisahani. Nikatazama: Oktoba wapo, Novemba wapo, basi. Nikawaambia hawajatimiza.

Gus alipandisha sauti. Alisema Februari walikuwepo, tena usiku ule wa dhoruba tulipokuwa watu kumi na mmoja tu. Nikamwonyesha ukurasa wa Februari. Akauangalia, akasema, "Sikumbuki kama nilitia sahihi, lakini nakumbuka tulikaa na wewe, Emery! Ulileta kabichi yako ya kuviringishia nyama, nikakwambia chumvi imezidi!" Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma kwamba huo ni ushahidi tosha, maana kabichi ya Emery haijawahi kuwa na chumvi ya kiasi. Bi Hattie, ambaye Februari dhoruba ilimzuia, akaniuliza mbele ya watu wote, je, walikuwepo au hawakuwepo? Nami nikajibu kwamba daftari halina majina yao.

Lorna alimshika mumewe mkono, akamwambia, "Twende, Gus, usijitie aibu." Wakakaa nyuma mpaka mwisho, beji zao kifuani.

Kura zikahesabiwa. Niliyesimama kusoma matokeo ni mimi: Voss ishirini na nne, Nadine ishirini na tatu. Kadi ya klabu, ile inayoorodhesha tuliowaidhinisha, ikachapishwa na jina la Voss, na mtaani kwetu niliisambaza mimi mwenyewe, mlango kwa mlango, kwa sababu ndiyo kazi ya katibu. Unawajua watu wa hapa, wanaingia nayo kadi ile kwenye kura za mchujo na kuifuata mstari kwa mstari. Voss alimshinda Nadine kwa kura mia moja na ushei, na Novemba hakuwa na mpinzani wa maana. Januari makamishna wakapiga kura, wawili kwa mmoja, nyumba ikauzwa. Mwezi Machi wakaja na gari kumchukua Mama. Alidhani anapelekwa kanisani, akaomba kofia yake.

Verna, Gus na Lorna walikuwepo.

Usiku ule wa dhoruba nilisahau daftari nyumbani. Sikutaka kusema, mimi ambaye mwaka uliotangulia nilimnyima mzee Brandt kura mbele ya watu kwa kukosa sahihi moja. Nikanyamaza, na kesho yake nikaketi jikoni kwangu nikajaza ukurasa wa Februari kwa kumbukumbu, na sahihi za watu nikaziiga moja moja. Niliandika majina tisa. Niliwakumbuka waliokuwa mbali nami, nikawasahau wawili waliokuwa wamekaa kiwiko kwa kiwiko na mimi, wakila kutoka sahani yangu. Gus alipotaja chumvi ndipo nikakumbuka kila kitu, hata soksi zake zilizolowa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningelisema, ukurasa wote ungeonekana ni wa kughushi, na jina langu lingekwisha. Nikapiga hesabu upesi: Nadine anashinda kwa kumi, kura mbili hazitampunguzia kitu. Nikalinda jina langu. Kwa zile mbili angeshinda.

Hilo ningeweza kulibeba mpaka kaburini, kwa sababu ni mwoga, nami najijua. Lakini juzi Gus alikuja kwangu. Alikaa jikoni, kofia magotini, akaniomba radhi kwa kunipigia kelele mwaka jana. Alisema tangu siku ile amekuwa hajiamini. Alikuwa na uhakika kabisa kwamba alikuwepo, akauona ukurasa kwa macho yake, na akatambua kwamba kichwa chake kimeanza kumtupa. Alikwenda kwa daktari, na daktari hakuona kitu, lakini yeye hasadiki. Amempa Lorna funguo za gari. Ameacha kucheza karata Alhamisi, anaogopa atakosea na wenzake watamwonea huruma. Akanishika mkono, akasema, "Wewe una rekodi nzuri, Emery. Ukiniona nasema jambo ambalo halikutokea, nirekebishe taratibu, si mbele ya watu."

Nikamwambia sawa. Hilo ndilo nililomwambia, dada, sawa, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Wewe ni wa kwanza kuyajua haya. Usinipigie simu kunifariji, na ukitaka kunilaani andika, nitasoma yote. Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine, imefungwa, ina stempu na anwani ya Gus na Lorna. Yaliyomo ni haya haya, kwa ufupi. Nimeipeleka kwenye sanduku la posta mara tatu nikarudi nayo mfukoni. Nakuomba uitie wewe, leo hii, kabla hujaanza kunihurumia.

Nisalimie shemeji Clyde na watoto. Mama hajakutaja jina, lakini nilipomwonyesha picha yako aliishika mpaka akasinzia.

Ni mimi mdogo wako,
Emery Hudak